Baba Alipobishana na Shangazi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za sisi wote wa nyumba hii. Kile kikohozi kilichokuwa kikikukatiza maneno kwenye simu kimekuacha? Mama ananiuliza kila siku, nami namwambia kimekwisha, kwa hiyo tafadhali kiwe kimekwisha kweli. Sisi hatujambo. Goti la Mama humsumbua akipanda ngazi, akishuka linanyamaza. Baba anakula vizuri, anatembea na fimbo yake hadi getini na kurudi, na mkono wake wa kulia umeanza kushika kikombe. Habari za mdomo wake nitakupa huko mbele. Ndizo zilizonifanya niandike badala ya kukupigia, maana kwenye simu ningelia ukadhani kuna msiba.

Kwanza nikujibu kuhusu kazi. Uliniuliza ni udereva gani huu wa kuzungukazunguka bila kubeba abiria wala mzigo. Naendesha gari lenye kamera juu ya paa. Kamera imesimama kwenye mlingoti na inapiga picha pande zote kadiri tunavyosogea. Chini yake kuna chombo cha kupima umbali, na kwenye buti kuna kompyuta inayonguruma kama friji kuukuu. Tunapita kila mtaa, hata ule usio na kitu ila ukuta na jalala, kwa sababu ramani ya kwenye simu haijui barabara mpaka mtu aipite. Tunapenda jua likiwa juu, vivuli vikiwa vifupi. Mvua ikinyesha tunakunywa chai.

Picha zikifika ofisini, mashine inazitia ukungu nyuso za watu na namba za magari, kisha wenzetu wanakaa kusoma vibao: barabara hii ni ya upande mmoja, hapa hairuhusiwi kukata kulia, pale kuna matuta. Mwezi uliopita mashine ilitia ukungu hata vichwa vilivyochorwa kwenye kibao cha kinyozi, na mwenyewe akaja ofisini kulalamika kwamba tumemfichia wateja. Barabarani nako ni vituko. Wengine wakituona wanachana nywele, wengine wanageuza mgongo. Bwana mmoja alituomba kwa upole tumruke, kwa kuwa kazini kwake wanajua ni mgonjwa kitandani.

Ramani ikishatengenezwa, tunarudi barabarani kupima maelekezo. Tunaendesha tukiisikiliza ile sauti inayosema geuka kushoto, nenda moja kwa moja, na tunaangalia kama imesema mapema au imekuambia kona ukiwa umeshaipita. Ni sauti ya mwanamke mtulivu. Ukikosea hakufokei, anatafuta tu njia nyingine. Sisi tunamwita Shangazi, kwa sababu anatoa amri tangu mwanzo wa safari hadi mwisho na hachoki.

Sasa nije kwenye lenyewe. Wiki iliyopita mwenzangu anayekaa kiti cha pembeni alishikwa na mafua, na siku hiyohiyo Mama alikuwa na miadi hospitali kwa ajili ya goti. Hapakuwa na wa kubaki na Baba. Nikamweleza msimamizi wetu. Alifikiri kidogo, akasema kwa kuwa tulikuwa tunapima maelekezo tu, mzee anaweza kukaa kwenye kiti kilicho wazi, mradi afunge mkanda na asiguse kitu.

Unamjua Baba na magari. Tangu kiharusi kile hakuwa ametamka neno hata moja. Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea alimwonyesha picha za vikombe na viatu mpaka akachoka yeye mwenyewe, na Baba akawa anatazama dirishani. Lakini nilipomkalisha garini aliipapasa dashibodi taratibu, kama anasalimiana nayo.

Najua kwa nini huji, Kaka. Siku ulipomwambia hutaki lori lake, unakwenda kusomea uuguzi, alikuambia ukitoka mlango ule usirudi. Halafu ugonjwa ukamfunga mdomo kabla hajasema lingine. Umekuwa ukituma dawa na salamu, na hujui kama anataka kukuona. Nasi tunaoishi naye hatukujua.

Tulikuwa tunaelekea upande wa maghala ya zamani, kule alikokuwa akipakia mizigo. Shangazi akasema tugeuke kulia. Baba akatikisa kichwa. Shangazi akarudia. Baba akanyoosha fimbo kushoto, nami nikacheka, nikamwambia kwamba Shangazi ndiye bosi wa kazi, tumsikilize. Akavuta pumzi. Shavu likamtetemeka, midomo ikahangaika, nikadhani amezidiwa.

"Siyo hapo," akasema. "Kushoto."

Kaka, nilikanyaga breki katikati ya barabara. Waliokuwa nyuma walinipigia honi na kunitukania ukoo. Sikujali. Nikakata kushoto.

Shangazi alituambia tugeuze gari tutakapoweza. Baba akamwambia, "Nyamaza wewe." Barabara ikazidi kuwa nyembamba, na mwisho wake tukakuta jengo la ghorofa lenye nguo zimeanikwa kila dirisha. Njia yake ya lori ilikuwa imelala chini ya jengo lile. Shangazi alikuwa sahihi, Baba ndiye aliyekosea. Mwanamke mmoja akatuuliza kutoka dirishani kama tumepotea. Baba alilitazama jengo kuanzia chini hadi juu, akaanza kucheka, kile kicheko chake cha zamani kinachoanzia mabegani.

"Nimekosea," akasema.

Nilizima gari nikafuta machozi. Nikadhani maneno yamemwishia. Kisha akanigeukia akasema, "Hata kwa Mkubwa."

Ni wewe peke yako anayekuita hivyo. Niliogopa kwamba nimesikia ninachotaka kusikia, nikamwomba arudie. Akarudia, akisukuma kila neno kama mtu anayesukuma gari bovu: "Nilikosea. Kwa Mkubwa."

Tulipofika nyumbani Mama alikuwa amesharudi. Akamuuliza, kama anavyomuuliza siku zote bila kungoja jibu, kama amechoka. Baba akasema, "Kidogo." Mama alikaa kwenye kiti cha karibu, mkoba bado uko begani, akamwambia aseme tena.

Nisikudanganye, maneno bado ni machache. Siku nyingine hayaji kabisa, na mtaalamu anasema ndivyo yatakavyokuwa, yatakuja na kupotea. Usitegemee mazungumzo marefu. Lakini jana nilimuuliza nikiandika barua nikuambie nini. Alifikiri mpaka chai yake ikapoa, halafu akasema, "Aje."

Nisalimie wifi, na wabusu watoto kwa niaba yetu. Mama anasema ukipata likizo utupe taarifa mapema apate kufua mashuka ya wageni, ingawa aliyafua leo asubuhi. Chini kabisa ya karatasi utaona mstari wa wino uliopinda ukaenda hadi ukingoni. Huo si wangu. Baba alitaka kutia sahihi yake.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,
wa kike pekee uliye naye.