Kadi ya Geti Uliyomwachia Sindano

Nyumbani,
Chumba cha mbele, kwenye cherehani,
Jumatatu, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, wifi yangu na wanangu wawili. Natumaini mnalala salama na kuamka salama. Je, kile kikohozi cha yule mtoto mdogo kimeisha? Na mgongo wako? Umeulalamikia tangu una miaka ishirini, sijui sasa unasemaje. Sisi huku tunapumua. Macho ya Baba yamezidi kufifia, ila masikio yanasikia hata yasiyomhusu. Mimi miguu inavimba kwa kukanyaga cherehani kutwa, vinginevyo sijambo.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imenishinda. Tangu mwezi wa tatu nimekupigia mara sita, na mara zote wifi anapokea na kuniambia uko bafuni. Mdogo wangu, mtu anayeoga hivyo angekuwa ameshakwisha kama kipande cha sabuni. Simlaumu wifi, anasema alichoambiwa aseme. Basi nimeona bora barua, maana humu ndani ya bahasha mna karatasi ambayo hata ungepokea simu nisingeweza kukupa.

Nianze na mdogo wetu Sindano, kwa kuwa mara ya mwisho wewe ulimwona akiwa na mikono miwili. Wa kulia umekatwa juu kidogo ya kifundo cha mkono. Kidonda kimefunga vizuri, daktari anakisifia kama vile ni kazi ya mapambo. Vidole ambavyo havipo vinamwasha, na hana pa kukuna. Mashati yake yote nimeyatoa vifungo nikayatia zipu. Mkewe amerudi kufua nguo za watu. Sindano mwenyewe amekonda, nawe unajua tangu zamani hakuwa na cha kukonda.

Hukupata kuelezwa sawasawa jinsi ilivyotokea, kwa hiyo nakueleza kama nilivyoelezwa na Babu Grisi, yule mzee anayepaka mashine grisi. Ilikuwa tarehe mosi Agosti, saa nne asubuhi, kwenye mashine ya kukandamiza sufuria, ile ile uliyoitumia wewe. Bati lilikaa upande. Sindano akaingiza mkono kulinyoosha, kama mlivyokuwa mkifanya wote, na mguu ukagusa pedali. Kile kizuizi cha wavu ambacho kingemzuia kimetupwa nyuma ya stoo tangu enzi zako, eti kinachelewesha kazi. Babu Grisi anasema alikimbia kuzima umeme. Alipofika, hakukuwa na cha kuokoa.

Sufuria yangu ya jikoni ina mhuri wa kiwanda kile kwenye kitako. Siku hizi naifunika na kuigeuzia ukutani nisiuone.

Sasa nije kwenye lile linalokupeleka bafuni. Kadi.

Sikutupii wewe mzigo wote. Wazo lilikuwa langu, na nitalijibu mbele ya Mungu. Wewe ulikuwa na ajira ya kudumu, na Sindano alikuwa kibarua wa kusimama getini asubuhi na kurudishwa. Ulipopata safari ya nje nikasema: kwa nini nafasi ipotee na damu ipo? Mnafanana sura, kadi ina picha iliyochakaa, na mlinzi wa geti anaangalia kadi, haangalii mtu. Wewe ukaomba likizo, ukaondoka, hukuaga kiwanda. Mimi nikachukua ovaroli lako nikalipunguza mabega na kiuno limkae Sindano. Jina lako lililodariziwa kifuani nikaliacha. Tukacheka siku ile. Baba akatuuliza tunacheka nini, tukamwambia hakuna.

Miaka miwili Sindano akaitwa kwa jina lako, akaitika. Msimamizi alijua. Wiki ya kwanza tu alimwambia, "Umepungua likizoni wewe," akacheka na kwenda zake. Ilimfaa, maana alikuwa amepata kijana mwepesi asiyeweza kudai lolote.

Alipoumia, kadi ya kitandani hospitalini iliandikwa jina lako. Nilikaa pale siku tisa nikilitazama. Siku ya pili homa ilipanda mpaka nesi akaacha kunijibu maswali. Nikawa nawaza kwamba akifa, cheti cha kifo kitatoka kwa jina lako, nawe uko hai huko unakunywa chai. Sikuwahi kumwambia mtu hilo. Nakwambia wewe.

Siku ya nane akaja msimamizi na karatasi. Inasema wewe, kwa jina lako, umepokea mkono wa pole kutoka kiwandani na kwamba hutadai kitu kingine mpaka kufa kwako. Mkono wa pole wenyewe, mdogo wangu, ni wa birika. Alitaka Sindano atie saini kwa mkono wa kushoto, hapo hapo kitandani, dawa ya usingizi haijamtoka. Nikasema mgonjwa haja kubwa imembana. Msimamizi akatoka nje kwa haraka, nami nikaikunja karatasi nikaitia kifuani. Ninayo mpaka leo.

Karatasi hiyo ndiyo niliyompelekea wakili. Ni mama mmoja wa msaada wa kisheria, anakaa juu ya duka la dawa, chumba chenye viti viwili na mafaili mpaka dirishani. Halipishi. Nilidhani wakili wa bure atakuwa kama dawa ya bure, lakini yule mama ana akili kama wembe. Alitusikiliza mpaka mwisho bila kuandika neno, kisha akaanza kuuliza, akauliza mpaka tukatoka jasho.

Akatueleza kwamba njia ziko tatu. Ya kwanza ni fidia ya mfanyakazi, inayopitia kwa afisa kazi. Humo haiulizwi nani alikosea, hata kama aliingiza mkono mwenyewe. Inaulizwa kama alikuwa mfanyakazi na kama aliumia kazini, kisha daktari anapima amepoteza kiasi gani. Ya pili ni kukishtaki kiwanda mahakamani kwa uzembe, kwa sababu ya kile kizuizi. Hiyo ni ndefu, inaweza kula miaka, ila Babu Grisi amekubali kusema alichokiona na kuonyesha kilipotupwa. Anastaafu mwezi wa tisa, anasema hana tena wa kumwogopa. Ya tatu ni ile karatasi ya msimamizi. Wakili alisema tukisaini hiyo, milango mingine yote tumeifunga kwa mkono wetu. Halafu akamtazama Sindano na kumwomba radhi kwa neno hilo.

Lakini njia ya kwanza na ya pili zote zinaanzia mahali pamoja. Sindano ni nani? Wakili alipokiandikia kiwanda akitaja jina lake la kweli, kiwanda kikajitia hamnazo. Jibu lilikuja mistari minne. Hawamjui mtu huyo. Hawajawahi kumwajiri. Kama aliingia kwa kadi ya mwingine basi ni mdanganyifu, na wanafikiria kwenda polisi. Miaka miwili ya jasho, mdogo wangu, na mkono, wanamjibu kama mwizi wa nguo kambani.

Wakili hakutuficha. Alisema kosa la kadi lipo na linaweza kutuletea faini au zaidi. Ila kama kiwanda kilijua na kikanyamaza kikimtumia, anaweza kusimama nacho. Akataka ushahidi kwamba walijua. Sindano akasema, "Viatu."

Wewe unavaa namba kumi, yeye saba. Ule mguu wako tumeucheka tangu utoto. Daftari la stoo linaonyesha kwamba mtu mwenye kadi yako alichukua viatu vya kazi namba kumi kwa miaka saba, kisha ghafla akaanza kuchukua namba saba, na msimamizi ametia saini pembeni mara mbili. Babu Grisi aliupiga picha ukurasa huo kwa simu yake. Wakili alicheka, na ndiyo mara ya pekee nimemwona akicheka. Akasema mguu wa mtu mzima haupungui kwa likizo.

Hata hivyo viatu peke yake havitoshi. Kiwanda kitasema mtunza stoo alikosea. Anatakiwa mtu wa kuapa kwamba tangu tarehe fulani hakuwepo, kwamba kadi aliiacha, na aliyekuwa akifanya kazi ni mdogo wake. Mtu huyo ni wewe, hakuna mwingine. Ndiyo hati ya kiapo niliyoiweka humu. Unaisoma, unaitia saini mbele ya wakili wa huko uliko, unaambatisha nakala ya ukurasa wa pasi ya kusafiria wenye mhuri wa siku uliyoingia, unairudisha. Madai ya fidia lazima yafike kwa afisa kazi kabla ya mwaka kutimia tangu ajali. Hati hii isipofika huku kabla mwezi wa saba haujaisha, njia ya kwanza imefungwa, na ya pili bila wewe haitembei.

Sasa usidhani mimi ni mjinga, sijui unachokiogopa. Kazi uliyonayo uliipata kwa barua ya utumishi kutoka kiwandani, inayosema ulifanya kazi miaka tisa mfululizo. Yako ni saba. Miwili ni ya Sindano, na yeye ndiye aliyekwenda ofisini kuiomba barua hiyo kwa jina lako, akalamba bahasha na kukutumia. Ukiapa kwamba uliondoka miaka mitatu iliyopita, mwajiri wako akija kujua, anaweza kukutoa. Una watoto, una kodi ya nyumba. Sikatai. Nimelifikiria jambo hilo mpaka nimeshona mikono miwili ya shati upande mmoja.

Kukudanganya sitakudanganya kwamba hakutakuwa na lolote. Huenda lisitokee, huenda likatokea. Mchuma janga hula na wa kwao, na janga hili tulilichuma sisi watatu mezani pangu. Mpaka sasa amelila mmoja.

Sindano hajui kwamba nakuandikia. Alimwambia wakili aliache shauri. Akasema, "Jina la kaka nimeshalitumia vya kutosha, sitaki nimlie na kazi." Wakili akamwambia faili ataliacha wazi mpaka siku ya mwisho, hata kama yeye hataki. Njiani kurudi nilimgombeza mpaka watu wakageuka. Alitembea akiwa ameuficha mkono mfukoni. Yaani mkono wa shati.

Baba tulimficha miezi miwili. Tulimwambia Sindano ameumia vidole. Asubuhi moja Baba akanyoosha mkono wake kumtafuta, kama anavyofanya sasa kwa kuwa haoni, akakamata kitambaa. Akapapasa mpaka kwenye kiwiko, akashuka tena, akashika mwisho. Siku hiyo hakula. Mambo ya kadi bado hajui, na sitaki ayajue kwa mtu mwingine kabla yako.

Ovaroli liko hapa mbele yangu, limetundikwa kwenye msumari. Mkono wa kulia waliukata kwa mkasi hospitalini. Nilitaka nilifumue jina lako pale kifuani, nilikuwa nimeshashika wembe, lakini wakili alinikataza, alisema ni ushahidi. Kwa hiyo kila nikiinua macho kutoka kwenye cherehani nalisoma.

Neno moja la mwisho ndipo nikuache. Jumatano iliyopita tulikwenda kwa daktari wa kupima ulemavu. Nesi alitoka na faili, akaita jina la Sindano, lile Mama alilompa. Sindano amekaa. Akaita mara ya pili, amekaa anatazama sakafu. Mara ya tatu nikamgusa, akashtuka, akaniambia alidhani anaitwa mtu mwingine.

Mdogo wangu, mkono hakuna awezaye kumrudishia. Jina unaweza wewe.

Msalimie sana wifi, mwambie sina kinyongo naye, na aniwekee simu karibu na mlango wa bafu. Wabusu wanangu, waambie shangazi yao anawashonea nguo za shule, vipimo walete. Baba anakusalimu na anauliza kila siku kama umepiga. Mke wa Sindano anakusalimu. Babu Grisi pia, anasema bado ana deni lako la utani. Mungu akulinde wewe na mikono yako yote miwili, na akupe moyo wa kuitumia.

Mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni na ninayekupenda hata leo nikiwa nimekukasirikia.

Nyongeza: Mahali pa kutia saini nimepawekea alama ya chaki ya kushonea. Inafutika ukipuliza.