Presha ya Wifi

Jumatatu, 3 Juni

Kinyaa tangu asubuhi. Wifi yangu kaja kazini kajipaka dawa ya kuchua shingo nzima. Harufu imefika kabla yake. Kasimama kwenye pasi kubwa ya mvuke, joto likaichemsha, na sisi wa pasi za mkono tukavuta dawa mpaka saa nne. Huyu ni dada wa mume wangu. Ndiye aliyeniombea kazi hapa kwenye kiwanda cha kufulia, na hanipi hata wiki moja nisahau.

Wakati wa chai kamimina chumvi kiganjani, kailamba. Ulimi wote nje! Nikageukia ukuta, nikanywa chai yangu na ukuta.

Kisha kaingia Mluzi, msimamizi wetu. Kutwa anapiga mluzi, na kila mluzi na mate yake. Tangazo: nesi anakuja kutupima presha. Kesho watu wa mvuke, Alhamisi sisi wa pasi za mkono. Atakayekutwa nayo juu hakai tena kwenye joto. Anakwenda chumba cha kuchambulia.

Chumba cha kuchambulia! Ndiko yanakofunguliwa mashuka ya hoteli na ya hospitali kabla ya kufuliwa. Yaliyomo siyaandiki. Mwaka jana niliingia mara moja tu kutafuta ufagio, nikashindwa kula siku mbili.

Wifi kanywea kama kamwagiwa maji. Kisogo kinamuuma, shingo inakaza, na kila mtu kiwandani keshamtibu kwa mdomo: hiyo presha dada, hiyo presha. Madaktari wote wako kwetu, wanakunja foronya.

Mimi macho yamenimulikamulika kutwa, vidoa kama cheche. Ni mvuke. Mvuke na ile dawa yake, na nimemwambia hivyo.

Jumanne, 4 Juni

Alinisubiri getini. Wifi yangu kipenzi, wifi yangu asali — nikajua kuna jambo. Anataka niingie kwa nesi na kadi yake ya kupimia. Kadi hazina picha, nesi ni mgeni, watu mia na ishirini, nani atamjua nani? Eti mimi mwembamba kama uzi, chumvi sili, presha nitaitoa wapi. Nikakataa. Akanikumbusha nani alinipigia magoti nipate kazi. Nikakataa tena. Akalia, kamasi zikashuka mpaka mdomoni na hafuti! Nikaichukua kadi ili tu afute pua.

Ndani, ule mkanda wa kubana mkono — jamani. Ulikuwa wa bluu zamani. Sasa rangi ni ya jasho la watu. Niliomba niweke leso chini yake, nesi akasema hapana, mkono uwe wazi, la sivyo kipimo kinadanganya. Kaa dakika tano. Miguu chini, usiipandanishe. Usiongee. Nikakaa kimya na jasho la watu themanini mkononi mwangu.

Mia themanini na nane. Chini, mia na kumi na nne.

Nesi akangoja, akapima tena. Mia themanini na sita. Akaanza maswali. Kichwa kinauma? Macho yanaona vidoa? Pumzi inakata ukipanda ngazi? Kifua? Pua kutoka damu? Hapana, hapana, hapana. Nilijibu kama alivyonifundisha wifi. Nesi akasema ndivyo ilivyo, mama, wengi hawasikii kitu kabisa, presha haina sura. Dalili zikija ujue imeshapanda sana. Kifua kikibana, mdomo ukienda upande, mkono ukifa ganzi, usingoje mtu wala siku, kimbia hospitali. Vinginevyo Jumatatu bila kukosa, kliniki, na kadi hii.

Na kwenye kadi kapiga muhuri: CHUMBA CHA KUCHAMBULIA.

Wifi nusura anirukie. Umeniua! Umefanya makusudi! Nikamwambia makusudi ya kupandisha damu yanafanywaje, anifundishe. Mashine mbovu, nikamwambia. Au kadi imemfuata mwenyewe. Alisonya mpaka waliokuwa kwenye foleni wakageuka.

Jumatano, 5 Juni

Wifi yuko kwenye kuchambua. Kapita na kapu, aproni ina doa sijui la nini, sitaki kujua. Salamu hajanipa. Afadhali.

Ngazi za stoo nimepumzika mara mbili. Wanapiga deki na tambara lililooza, nabana pumzi nisivute, ndiyo maana; hivyo ndivyo nilivyomjibu kila aliyeuliza.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya aibu. Nimepiga pasi shuka la hoteli, jeupe, la kitanda kikubwa, nimebakiza pindo. Tone. Nikadhani pasi inavuja kutu. Tone la pili. Likatua katikati, jekundu, likasambaa. Pua yangu! Mimi — ninayenawa mikono kabla na baada — natoa damu juu ya shuka la watu.

Nikakimbilia chooni. Choo chenyewe ndiyo kile, mlango haufungi, bomba linatema. Nikainamisha kichwa, nikabana pua, damu inapita katikati ya vidole. Nje Mluzi anaita jina langu: zamu yangu kwa nesi. Anaita, anapiga mluzi, anaita.

Wifi akaingia. Kaangalia pua, kaangalia sinki. Kachomoa kadi yangu mfukoni mwa aproni yangu, kaondoka nayo.

Karudi baada ya robo saa. Kaiweka kadi juu ya sinki, pale pakavu. Mia na ishirini na mbili kwa sabini na nane. Ya kwake! Yeye mwenye kisogo, mwenye shingo, mlamba chumvi. Kumbe shingo ni ule mto wake wa sufi iliyogandamana, au kuinamia mvuke miaka kumi na moja. Akaanza kucheka, anapiga mapaja, mashine mbovu, ee? Mashine mbovu! Halafu kicheko kikamkatikia katikati.

Nyani haoni kundule, akaniambia. Macho yako yana cheche, kosa la mvuke. Pumzi inakukata, kosa la tambara. Leo hiyo damu utamsingizia nani?

Nikamwambia aniondokee. Akavua leso ya kichwani, ile aliyoivaa chumba cha kuchambulia, akanifuta nayo pua. Sikuwahi kumzuia. Nimenawa uso mara sita.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefikiri vizuri. Mambo yamekaa sawa kabisa. Kadi yangu safi. Jumatatu wifi aende kliniki na mkono wake mwenyewe, watamkuta mzima, watafuta muhuri, atarudi kwenye mvuke wake. Mimi nitabaki na pasi yangu na mashuka yaliyokwisha fuliwa. Nani kaumia?

Nimemweleza. Kanitazama kama nimemtapikia viatu. Nani kaumia, wifi? Ngoja uone nani ataumia.

Nikasema mimi najisikia mzima. Akaanza habari za mama yao, yaani mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Naye alikuwa mzima. Kila siku anasema ni uchovu, ni jua, ni hasira za watoto. Akaanguka na ndoo mkononi. Mdomo ukaenda upande, mkono ukalala, akaishi hivyo miaka miwili.

Haya nayajua. Nilikuwepo. Hapana — ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu: nilikuwepo mlangoni. Mle chumbani sikuingia. Ile harufu, yale mate, lile beseni chini ya kitanda. Nilikuwa naacha uji kwenye kigoda mlangoni, nabisha hodi, naondoka. Aliyeingia ni wifi, asubuhi na jioni, miaka miwili. Na hakuwahi kunisema. Kwa kazi aliyoniombea ananisimanga kila wiki, hili hajaligusa hata siku moja.

Leo kaligusa. Kasema: nilimfuta mama mate miaka miwili, nilimgeuza, nilimwosha. Wewe sitakufuta. Nakwambia mapema ili ujue.

Nikageuka, nikaondoka. Najichukia kwa kukimbia, na ninamchukia yeye kwa kunikimbiza.

Mume wangu kauliza mbona sili. Nikamwambia dada yako. Akasema aa, basi, akaendelea na sahani yake.

Jumapili, 9 Juni

Kichwa. Kisogoni, kama mtu anagonga kutoka ndani. Nimeamka nacho. Ni jirani na misumari yake, anajenga sijui banda gani, hana adabu, hata Jumapili!

Jirani kasafiri tangu Alhamisi. Nimekumbuka nilipomaliza kuandika.

Nimesimama mbele ya kioo nikatabasamu. Pande zote mbili za mdomo zinapanda. Nikainua mikono miwili, inapanda sawa. Nikarudia. Nimerudia mpaka mume wangu akauliza kama nafanya mazoezi.

Jumatatu, 10 Juni

Kliniki. Benchi la mbao, linanata. Nimetandika mfuko wa plastiki ndipo nikakaa. Mtu wa pembeni anakohoa bila kuziba mdomo. Naandika nisiangalie watu.

Sikuja kupimwa. Nimekuja kumsindikiza wifi, nihakikishe muhuri unafutwa na kelele ziishe. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana barabarani. Yaani mimi niliongea, yeye alinyamaza, nikachukulia ni kukubali.

Nesi ni yuleyule. Anapitia kadi. Moyo unanidunda mpaka masikioni — ni woga wa kukamatwa, nini kingine.

Kaita jina la wifi. Wifi kainuka. Kafika mezani, kaweka kadi, wala hakukunja mkono wa gauni. Kasema, na kwa sauti ile yake ya kushindana na mashine, benchi zima likasikia: dada, kadi ni yangu, presha ni ya huyu.

Kidole kwangu.

Mtu wa kikohozi kaacha kukohoa. Nesi kaangalia kadi, kaniangalia mimi, kamwangalia yeye. Mnafanya mchezo na maisha ya watu? Anasema lazima apige simu kazini. Kadi ya uongo si jambo la yeye kuficha. Wifi kamjibu piga, tutafukuzwa wote, mimi nimetoka kuchambua mavi ya watu siogopi. Lakini mpime kwanza. Juzi alitoka damu puani akaficha. Mpime kwanza, dada, nakuomba.

Anaomba. Mtu ambaye nilimwona akikataa kumwomba Mluzi likizo ya kuzika.

Nilitaka kusema ni mwongo. Mdomo niliufungua. Nikaona mikono yake, imechubuka kwa dawa za kule chumbani, siku nne tu, na kucha zimekuwa za njano. Inanitia kinyaa, sitadanganya. Nikafunga mdomo.

Nesi kashika simu mkono mmoja, mkanda mkono mwingine. Anauliza tuanze na kipi. Wifi hajangoja jibu langu, keshaanza kunikunjia mkono wa gauni mpaka begani, ananiminya kama anakamua nguo. Nimemwachia. Mkono wa kushoto wameshauchukua. Naandika kwa huu wa kulia, nesi anafoka niache, nitulie, miguu chini, nisiongee, na mkanda umeanza kubana na mimi