Futi Tatu Zilizopungua

Njombe, Jumanne, 14 Oktoba 1952

Jua kali, upepo wa vumbi, mvua bado. Sijala tangu asubuhi.

Leo nimewaonyesha wanafunzi uzito wa hewa kwa mrija wa kioo na zebaki. Kitabu kinasema zebaki itasimama inchi thelathini. Imesimama ishirini na nne. Nimerudia mara tatu.

"Mwalimu, kitabu kimekosea?" aliuliza mmoja.

Kitabu hakikukosea. Kiliandikwa na watu wa pwani. Huku juu milimani hewa ni nyepesi.

Hapo hapo nilikumbuka kisima kipya cha kijiji, ambacho pampu yake imekataa kutoa maji.

Kwa kweli pampu yoyote haivuti maji yenyewe. Ni hewa iliyo nje inayoyasukuma yapande bombani. Kitabu kinasema hewa huweza kuyapandisha futi thelathini na nne. Kwa hiyo nilipiga hesabu kwamba kisima chetu, chenye futi thelathini kutoka pampu hadi maji, kitafaa. Lakini kwa zebaki ya leo, hewa ya Njombe haifikishi zaidi ya futi ishirini na saba.

Maji yasingepanda kamwe, hata angefunga mabomba malaika.

Aliyeyafunga ni fundi Lameki. Aliyafungua na kuyafunga upya mara tano, watu wakimcheka: "Fundi, unafunga bomba au unafunga mbuzi?" Jumamosi, mbele ya kijiji kizima, mzee wa kanisa aliniuliza kosa liko wapi. Nilisimama nikasema, "Hesabu zangu ni sahihi. Kosa ni mikono ya fundi."

Lameki alijibu neno moja tu: "Haya, Mwalimu."

Mchana nilifunga darasa nikaenda kwake. Mkewe alikuwa anatwanga. Nilimsalimu "kamwene", akaendelea kutwanga.

"Ameondoka jana," alisema. "Amejiandikisha manamba, anakwenda kukata mkonge Tanga. Anasema huku hakuna atakayempa tena kazi. Wewe umekuja kutafuta nini?"

Sikumwambia. Niligeuka nikarudi nyumbani.

Nimefundisha miaka ishirini na mbili kwamba kanuni hujaribiwa kabla ya kuaminiwa. Ile sikuijaribu. Niliiamini kwa sababu imechapishwa, nikamhukumu mtu kwa hiyo.

Kisima kinatengenezeka: pampu ishushwe futi nane ndani, juu ya jukwaa la mbao. Lameki je?

Wanaojiandikisha hukusanywa Makambako, wakingoja lori la Alhamisi. Nimejaza upepo baiskeli. Kesho alfajiri nitapita kwanza kwa mkewe, nimwambie nililoshindwa kumwambia leo. Kisha nitakwenda Makambako, nimwambie Lameki mbele ya wenzake wote, kwa sauti ile ile niliyoitumia Jumamosi.

Akikataa kurudi, sitakuwa na la kumlaumu. Nitarudi peke yangu, na kijiji kitanisikia nikisema kosa lilikuwa langu.

Mungu anisaidie nifike kabla ya lori.