Kopo la Nywele za Namba 240

Jumatano, 3 Januari 1945. Bandari ya Moji.
Amri ya nahodha: kabla ya kung'oa nanga kila mtu akate kucha na nywele kidogo, atie kwenye bahasha, aandike jina. Zibaki nchi kavu. Tukizama, nyumbani watapata kitu cha kuzika. Serahangi azikusanye. Serahangi ndiye mimi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, miaka hamsini na saba, darasa la nne, kichwa kama yai.

Nywele nitoe wapi? Nikakata za burashi ya viatu. Nyeusi, nzuri kuliko nilizokuwa nazo siku ya harusi. Na kucha? Uvivu. Burashi inatosha.

Igarashi wa chumba cha matanuri aliniona.
"Serahangi, mkeo atazika burashi."
"Atafurahi. Burashi hailewi sake."
Alicheka, kisha akaipima bahasha yake mkononi. Kaka yake alizama mwaka juzi. Sanduku la mabaki yake walilopelekewa nyumbani lilikuwa na jiwe ndani. Mama yake kamwambia, wewe usiniletee jiwe jingine. Akanipa bahasha yake kwa mikono miwili. Nene — amekata kucha zote ishirini, mjinga.

Alhamisi, 4 Januari.
Bahasha 141 kwenye kopo la biskuti. Nimezipeleka ofisi ya bandari — imefungwa. Mlinzi akasema karani kaenda kutoa salamu za mwaka mpya, rudi baada ya saa moja. Ng'ambo ya barabara wanauza sake. Saa moja ikawa tatu. Mara king'ora cha meli yetu: tunaondoka leo, si kesho.

Nilikimbia vizuri kwa umri wangu. Ngazi ilikuwa inavutwa. Nikarukia ndani, watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeshalala kitandani nilipohisi kitu kigumu ubavuni.

Kopo.

Jumapili, 7 Januari. Baharini.
Kopo liko chini ya godoro. Sijamwambia mtu. Tukizama, tutazama na mazishi yetu wenyewe.

Msikilizaji, anayesikiliza chini ya maji kwa mashine, alisema kuna nyambizi. Tukamwaga mapipa ya baruti kumi na mawili. Samaki wakaelea tele, mchana tumekula hadi kuugua. Karani Mibu, anayeandika historia ya meli kwa ajili ya makao makuu, ameandika: nyambizi moja imezamishwa. Ni ya tatu hiyo. Ya kwanza ilikuwa nyangumi. Ya pili ilikuwa meli ya kwetu wenyewe, iliyozama na kulala chini huko tangu mwaka juzi.

Historia yangu ni fupi. Meli yetu, Namba 240, ilishushwa majini Agosti. Msafara wa kwanza: tulilinda meli tisa, zikafika tano. Wa pili: saba, zikafika mbili. Huu ni wa tatu. Zipo tano. Tunaitwa walinzi.

Jumatano, 10 Januari.
Zipo tatu. Meli ya mafuta iliwaka asubuhi. Bahari yenyewe iliwaka. Tumeokota watu wawili, mmoja alikuwa bado anaongea. Sasa haongei.

Igarashi alipanda juu kupunga upepo, uso mweusi wa moshi.
"Serahangi, zile bahasha zilipokelewa?"
"Karani wa bandari alinipigia muhuri."
"Muhuri mwekundu?"
"Mwekundu."
Akapumua kama mtu aliyetua gunia. Akasema basi mzee, hata leo sawa tu. Akarudi chini kwenye matanuri akiimba. Ana sauti mbaya sana. Sijala.

Jumanne, 16 Januari. Bandari ya Mako.
Imefika moja. Jana ndege za adui zilichoma ofisi ya jeshi, kwa hiyo hakuna wa kuachiwa kopo. Lakini kuna meli ndogo ya mizigo inayorudi nyumbani, na serahangi wake, Tsurumaki, nilivua naye ngisi tukiwa vijana. Nikamweleza yote. Hakucheka. Alilifunga kopo kwa kitambaa chake, akaliinamia.
"Litafika Moji, au mimi sifiki."
Nimelala mchana kutwa kama mtoto.

Alhamisi, 18 Januari.
Amri mpya. Mafuta yetu hayatoshi kuendelea kusini. Turudi nyumbani, tukiilinda meli ndogo ya mizigo.
Ile ile.
Igarashi kanikuta nimekaa juu ya kamba nacheka peke yangu. Kaniuliza nimeiba sake ya nani.

Jumamosi, 20 Januari. Saa nane mchana.
Topido mbili za nyambizi. Ya kwanza iliipata meli ya Tsurumaki, ikazama kwa muda wa kuvuta sigara moja. Ya pili ilitung'oa shetri, nyuma kabisa ya meli, na rafadha inayotusukuma ikaenda nayo. Matanuri yamezimwa. Bahari shwari, jua zuri, tumesimama kama beseni kisimani. Msikilizaji anasema nyambizi ipo, inatuzunguka, haina haraka.

Tulimvuta Tsurumaki kutoka majini kwa kamba. Amejaa mafuta hadi machoni. Hakuniona vizuri lakini alinitambua kwa kipara. Mbele ya watu wote akanyoosha mikono miwili.
"Amana yako. Sikuiachia."
Kitambaa kililowa na kufunguka, kila mtu akaona ni kopo gani. Afadhali wangenipiga.

Igarashi alikuwa amepanda kutoka chini. Alilitazama. Kisha akanitazama.
"Muhuri mwekundu," akasema.
"Nilikuwa nakunywa."
"Najua. Harufu ulipanda nayo."
Nikamwambia anitupe baharini. Akasema nitaelea tu, na adui atadhani ni bomu. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Saa tisa kasoro.
Meli inainama kushoto. Watu wanafunga maboya. Igarashi amepata pipa tupu la mchuzi wa maharage, lenye kifuniko. Tutatia kopo ndani, tuzibe kwa lami, tuliachie baharini. Mkondo huu huenda kaskazini, amesema Tsurumaki. Pengine. Boya hubeba mtu mmoja, ila pipa hilo ni dogo, halibebi mtu, kwa hiyo hatumnyang'anyi mtu kitu. Nimeuliza mara mbili.

Igarashi amesema daftari hili nalo liingie. Mama yake hasomi, atasomewa. Kwa hiyo, mama wa Igarashi, bahasha ya mwanao ndiyo ile nene. Jiwe halimo.

Nimefungua bahasha yangu. Nywele za burashi nimezipuliza baharini, zinaelea. Otsune mke wangu hastahili burashi. Nakata kucha kwa kisu cha kukatia kamba, za mkono wa kushoto kwanza. Ngumu kama pembe. Igarashi amepiga magoti na lami, inaanza kuganda. Anasema, mzee, lete, nikukate mimi. Namwambia bado mbili tu