Nilivyojificha Nyuma ya "Bwana Asifiwe"

Alhamisi, jioni. Baridi ya mwezi wa saba, na Mlima Hanang umejifunika wingu tangu asubuhi kama mtu aliyegoma kuamka. Nimevaa makoti mawili na bado upepo unanifikia magotini. Moyo lakini una joto, ndiyo maana naandika mara tu baada ya kula.

Nianze na kichekesho. Mimi, mwalimu wa hesabu, mzee wa kanisa, mwenye mvi zangu na kitambi changu, nina baba mkwe niliyemfundisha kidato cha pili.

Ilikuwa hivi. Marehemu baba yake mke wangu alikuwa kifungua mimba kwao, na Paskali ndiye kitinda mimba. Nilipomuoa Mama Jeni, Paskali alikuwa bado ananifutia ubao darasani. Kwa ukoo yeye ni baba mdogo wa mke wangu, kwa hiyo ni baba yangu pia, na mimi ndiye ninayepaswa kumpa shikamoo. Lakini nani angemlazimisha mwalimu kumwamkia mwanafunzi wake mwenye kaptula? Wazee walicheka sana, wakasema mwacheni kwanza akue.

Amekua. Ana mke, watoto, ng'ombe, na shamba la alizeti linalonitia wivu. Wazee waliocheka tumewazika wote, na upande wa mke wangu amebaki yeye tu wa kuitwa baba. Ni mimi peke yangu niliyeendelea kuiona ile kaptula.

Nimeponaje miaka yote hii? Kwa "Bwana asifiwe."

Tukikutana, kabla hajafungua kinywa, nawahi: "Bwana asifiwe." Naye anajibu, "Amina." Salamu tamu, haina mkubwa wala mdogo, na kila mtu anaendelea na safari yake. Nikimwona kwa mbali nachepukia njia ya josho la ng'ombe, yenye matope na nzi, mradi tu tusikutane. Majirani wakadhani nimezidi kuwa mtu wa kiroho. Kumbe jina la Bwana nimelifanya pazia, nami nimejibanza nyuma yake na kiburi changu.

Haya, Jumamosi hii wanakuja wageni kutoka Haydom. Kijana mmoja wa huko, muuguzi, ameona hawezi kuishi bila Jeni wetu, na wazee wake wanakuja kujitambulisha. Wageni wa namna hiyo hawapokelewi na baba wa binti peke yake. Lazima awepo mzee wa upande wa mama, na mzee huyo ni Paskali. Tumefanya vikao viwili vya familia, hakuonekana hata katika kimoja, maana mwaliko ulikuwa juu yangu na sikuupeleka. Mke wangu aliniambia bila kupandisha sauti kwamba kama baba yake mdogo hayupo, Jumamosi yeye atakaa jikoni na hatatoka kusalimia mtu.

Anapopandisha sauti huwa siogopi. Asipopandisha ndipo naogopa.

Jana kwenye jumuiya niliongoza somo la Bwana kuwaosha miguu wanafunzi wake. Nilifundisha vizuri, mpaka mimi mwenyewe niliguswa. Tukiwa tunarudi nyumbani, tulipofika pale kwenye mashine ya kusaga, Mama Jeni akasema, "Baba Jeni, wewe hata miguu hujaambiwa uoshe. Umeambiwa useme shikamoo tu."

Sikulala vizuri.

Leo baada ya vipindi nimekwenda. Sikupita josho. Njiani nilifanya mazoezi kama mtoto anayetumwa dukani: shikamoo baba, shikamoo baba. Nimemkuta uani anapura alizeti juu ya turubai, mke wake kando anapepeta. Aliponiona akatupa fimbo chini akasimama wima, mikono ubavuni, kama vile mkaguzi ameingia darasani. Na mimi, pamoja na mazoezi yote yale, ulimi ukanisaliti.

"Bwana asifiwe."

"Amina, mwalimu."

Kuku wakaanza kudonoa alizeti na hakuna aliyewafukuza. Nikaona midomo yake inataka kufunguka, nikajua anataka kuniamkia yeye, maana nilimfundisha hivyo. Nikamkatiza.

"Shikamoo, baba."

"Mwalimu, lakini..."

"Shikamoo, baba."

Akatazama turubai, akamtazama mkewe, akajifuta mavumbi usoni kwa kiganja. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Marahaba." Akakohoa kidogo, kama anayejaribu kiatu kipya, akaongeza, "Marahaba, mwanangu."

Mkewe akainamia ungo ili nisimwone anavyocheka. Nilimwona. Ningekuwa yeye, na mimi ningecheka.

Halafu kikatokea kitu ambacho sikukitarajia. Baba na mama yangu walishalala kule Songea, na dada yangu mkubwa naye tumemzika. Kuanzia geti la shule mpaka ubaoni watu wananiamkia mimi, na mimi naitikia marahaba bila hata kuinua macho. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho mtu aliniitikia mimi. Nilikwenda pale nikidhani napeleka kitu, najishusha, natoa sadaka kubwa. Kumbe nilikuwa napewa. Kijana mwenye mavumbi ya alizeti kichwani amenifanya kuwa mtoto wa mtu tena.

Bwana, nilikuwa nakimbia hicho?

Paskali alinivutia kigoda, na uoga wake ukamwisha hapo hapo. "Sasa kaa unieleze. Hao wageni wa Jumamosi ni watu gani? Mpaka leo nasikia habari zao kutoka kwa yule wa mashine ya kusaga. Mjukuu wangu anachumbiwa, na mimi naambiwa nikisubiri unga."

Nikamwambia nimekosea, anisamehe.

"Nimesikia. Na Jumamosi wewe usiongee sana. Ukianza utawatolea watu mtihani."

"Sawa, baba."

Kabla sijaondoka aliniwekea mkono kichwani, akaniombea kwa Kiiraqw. Miaka yangu yote hapa bado nashika maneno machache tu, kwa hiyo mengi yalinipita. Nililisikia jina la Jeni. Nililisikia na langu, lile la ubatizo, ambalo hapa hakuna anayelitumia. Sijui alilijulia wapi. Nimezoea kuwawekea wengine mkono. Sikujua kwamba ukiwa chini yake mtu unapumua vizuri hivi.

Nilipofika nyumbani, Mama Jeni alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka.

"Umemwamkia?"

"Nimemwamkia."

"Akakuitikiaje?"

"Ameniita mwanangu."

Mwiko ukasimama. Akacheka mpaka akakaa chini, akajifuta machozi kwa pindo la kanga, na yale ya mwisho hayakuwa ya kicheko. Kisha akaniambia ninawe mikono, nyama ya leo nachagua mimi.

Jumamosi asubuhi naenda kumchukua baba, tuje naye kuwapokea wageni.

Nimeliandika neno hilo, "baba", na mkono haukusita.