Mota Haikuzunguka

Alhamisi, Kilifi. Mvua tangu alfajiri, na joto halijapungua hata kidogo. Nimechoka hadi kope.

Jana nilisahihisha ripoti za maabara za mwaka wa tatu, somo la mifumo ya udhibiti. Zoezi ni moja: unaiamuru mota izunguke kwa kasi fulani, kisha unachora grafu kuonyesha inavyopanda, inavyopitiliza kidogo, hadi inatulia. Wanafunzi arubaini na mmoja. Grafu arubaini safi, zote zimepinda pale pale.

Ya mwisho ilikuwa ya Kadzo, binti anayetoka kijijini Ganze. Hakuna grafu. Sentensi moja tu: "Mota haikuzunguka."

Nikampa sifuri.

Mwongozo wa kusahihisha unasema bila grafu hakuna alama, nami nilitaka kumaliza tu. Kwa sifuri hiyo anafeli somo, na hatahitimu na wenzake.

Leo saa nne akaja ofisini, kalowa chapachapa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Kadzo."

"Naomba nirudie ripoti. Wenzangu wamenipa ya mwaka jana, nitainakili vizuri."

Wallahi hakuwa na kejeli. Aliomba kwa adabu, kama aliyekosa yeye. Haya zikanishika, nikajitia kutafuta kalamu.

Maana nilijua. Chumvi ya bahari iliila mota ile zamani. Kila muhula naandika barua kuomba nyingine, naambiwa nivute subira. Na kila muhula nawaingiza wanafunzi mle kumi kumi, waitazame, wakanakili. Wenyewe wanaita kurithi. "Wewe umerithi ya nani?" wanaulizana mbele yangu, nami nacheka nao.

Nacheka! Mtu mzima ovyo.

Nikamwambia asirudie.

"Kwa hivyo nimefeli, mwalimu?"

"Hujafeli. Wewe ndiye uliyeandika ulichokiona."

Hakuonekana kuniamini, na simlaumu. Alishukuru akaenda zake mvuani.

Sifuri nimeifuta. Zimebaki zile arubaini, zote nimezipa alama nzuri kwa mkono wangu, na kesho zinatakiwa idarani. Sizipeleki. Jumatatu nitawarudishia, tuifungue mota pamoja, na zoezi liwe hilo: kwa nini haizunguki, na imekufa tangu lini.

Tangu lini. Hapo watanitazama mimi. Nitathubutu kujibu?