Mama Alisema Walishinda

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa jambo ambalo dada yangu nilipomsimulia alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaniuliza kama kweli nataka kuvunja ndoa kwa sababu ya katuni.

Mimi ni mpokezi katika kliniki ya meno, mwaka jana niliolewa na fundi friji aliyefiwa na mkewe, mwanamume mpole asiyepandisha sauti hata friji ikimwangukia mguuni, na ana binti wa darasa la tano anayeniita mama mdogo, jina nililolipokea kwa mikono miwili maana mwenzangu mmoja kazini, naye ameolewa penye watoto, anaitwa "huyo" mpaka leo. Katika nyumba hii kuna katuni moja ya Kijapani ya zamani, ya wasichana wa shule wanaocheza mpira wa wavu, imechorwa kabla hata mimi sijazaliwa, watu wake wana macho kama visahani na mpira ukipigwa leo unatua kesho kutwa, kwa sababu ukiwa hewani kila mchezaji lazima kwanza akumbuke utoto wake. Marehemu ndiye aliyekuja na dividii zake alipoolewa, kila mwaka alikuwa anaiangalia na mumewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, jioni baada ya vyombo kuoshwa, na binti alipokua kidogo wakamwingiza naye, lakini mwaka huo huo mama akalazwa kabla hawajafika mwisho, akafariki. Baba na mwana wameendelea, ila kila wakikaribia fainali baba anasema, "Haya, turudi mwanzo," na wanarudi mwanzo, nami nikadhani ni mazoea yao tu, kila nyumba ina yake.

Sasa mshauri, niliona nikiendelea kukaa jikoni kila jioni nasugua sufuria iliyokwisha kung'aa nitazeekea huko huko, nikataka na mimi niketi nao, lakini sikutaka kuwa mtu wa kuuliza huyu nani na yule kafanya nini, basi nikaitafuta kwenye simu nikawa naangalia kazini saa ya mapumziko, mwanzoni kwa kujilazimisha, baada ya wiki nikawa nasahau hata kula. Mwisho wake ulinikuta pale pale mapokezi, timu inafungwa fainali kwa pointi moja, yule mchezaji mfupi tuliyehangaika naye tangu mwanzo anapiga mpira unatoka nje, nikalia kiasi kwamba mgonjwa aliyekuwa anasubiri kung'olewa jino aliniangalia, akachukua mkoba wake, akaondoka.

Jioni ile mezani binti alikuwa anamsifia yule mfupi, nikaona nafasi yangu ndiyo hii, nikasema kwa furaha kama mtu aliyefaulu mtihani, "Jamani, na pale mwisho mpira wake unapotoka nje wakafungwa, mwenzenu nililia."

Binti akaweka kijiko chini. Akasema, "Hawafungwi. Mama alisema walishinda." Akamgeukia baba yake, na baba yake akaangalia sahani.

Baadaye mume wangu akanieleza kwamba binti alimuuliza mama yake hospitalini kama ile timu itashinda, mama akamwambia itashinda na kikombe itabeba, na ndiyo maana yeye amekuwa akiikatisha, ili neno la marehemu libaki lilivyo. "Sikukwambia kwa sababu sikufikiri ungeiangalia," akasema. Hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma. Dividii zimefungiwa kabatini, televisheni imezimwa, binti hajanuna ila ananijibu kwa adabu kama mimi ninavyowajibu wagonjwa, ndiyo, hapana, asante. Juzi nilikuwa napiga pasi akasimama mlangoni akaniuliza, "Mama mdogo, hivi yule mfupi alilia?" Nikaogopa kuharibu zaidi, nikamwambia sikumbuki vizuri, labda niliangalia katuni nyingine, akaondoka. Mume wangu anataka nimwambie wazi kwamba nilichanganya mambo, yaishe, nami niko tayari, tena niko tayari nikakae kwa dada yangu kwa muda ili wapate kurudi kwenye kochi lao kama zamani. Je, nimwambie nilikosea?

Ni mimi, Mama Mdogo.

MSHAURI ANAJIBU

Mama Mdogo, kwanza nguo ulizokwisha kuzikunja zirudishe mahali pake. Huendi popote. Ukiondoka sasa hivi, mtoto aliyekwisha kupoteza mama mmoja ataona wa pili anaondoka kwa sababu yake, na hapo ndipo utakuwa umeharibu kweli.

Nikukemee kidogo ndipo tuendelee. Uliona aibu kuuliza huyu nani na yule kafanya nini, ukaamua uwafikie watu kwa kuwapita mbele. Kumbe ungekaa ukauliza, binti huyo angekufundisha mpaka usingizi ukuchukue, kwa maana mtoto wa darasa la tano hana raha inayozidi kumfundisha mtu mzima. Uliikosa hiyo kwa kujifanya mjuzi. Hilo ni lako. Yaliyobaki usiyabebe.

Mumeo ninamheshimu, na ninamhurumia. Lakini anaficha jambo ambalo nusu ya dunia imeliona. Angetokea mtoto yeyote shuleni akalitamka, tena kwa kejeli. Na mtoto anayekubali kurudishwa mwanzo kila mwaka asiulize kwa nini, huyo naye ana kitu anachokiogopa. Mimi sidhani kama ulimshtua. Nadhani ulimthibitishia.

Katuni yenyewe naijua. Niliiona nikiwa msichana, nikaiona tena na wanangu, wakayacheka mavazi ya wale wasichana kisha wakakataa kwenda kulala. Mwambie dada yako aache kucheka. Watu hawairudii miaka yote hii kwa ajili ya kikombe. Wewe ulikuwa unalia, sijui kama ulitazama kinachofuata baada ya ule mpira kutoka nje. Wanarudi kwao ndani ya basi. Kesho yake asubuhi yule mfupi anakwenda ukumbini akidhani atakuwa peke yake, anawakuta wenzake wote wameshafika, huyu anafagia, wale wanafunga wavu. Anachukua ufagio. Basi, imeisha. Mumeo alipoikata fainali aliikata na asubuhi hiyo, na mimi naona asubuhi hiyo ndiyo binti yake anayoihitaji kuliko kikombe.

Sasa nirudi kwenye barua yako, maana umeandika jambo kubwa ukalipita mbio. Binti alikuja mlangoni akakuuliza kama yule mfupi alilia. Hakwenda kwa baba yake, anayeijua katuni hiyo kama mfuko wa zana zake. Alikuja kwako, kwa sababu katika nyumba hiyo wewe peke yako ndiye uliyemwambia jambo lilivyo. Alikupa kiti, bibie. Ukamjibu hukumbuki. Sasa unaniuliza kama umwongezee na uongo wa pili, na jibu langu ni hapana, wala usinibembeleze.

Anza na mumeo, leo. Usiende kumwomba ruhusa, nenda kamwambie utakachofanya na umwombe mkae wote. Akisema mtoto ni mdogo mno, mkumbushe huyo mdogo ndiye aliyesimama kando ya kitanda cha hospitali. Kisha mwite binti, umwambie hivi: nilikumbuka vizuri, yule mfupi alilia, na mimi nililia, na siku ile ulipokuja mlangoni niliogopa kukwambia. Muulize kama anataka kuona. Akisema bado, msimlazimishe, ila dividii zitoke kabatini zikae anapofikia mkono wake. Akisema ndiyo, ketini wote watatu, nawe usijibanze ukingoni kama mtu anayesubiri kuitwa. Wakati inaendelea funga mdomo wako, hata mpira ukikaa hewani mpaka chai ipoe.

Na ujiandae, kwa sababu ikiisha atauliza kama mama yake alijua kwamba wanafungwa. Macho yatamtazama baba, lakini swali litakuwa lako pia, na baba akishindwa kulijibu, lijibu wewe. Usimtafutie maneno matamu wala usimtetee marehemu, hana kesi. Mwambie mama yake alijua, alikwisha kuiona mara nyingi, na siku ile alipoulizwa alitamani washinde.